Mrejesho: mshipi kukatika kwa nguru

Asanteni ndugu zangu mlionijibu. Niliuliza kwa nini mshipi wa nailoni hukatika karibu na ndoana nikivua nguru nje ya Shela, Lamu.

Jibu limo kwenye ncha ya mshipi iliyorudi baada ya kukatika. Ikiwa imekatwa safi kama kwa wembe, ni meno ya nguru. Imejikunja kama springi ya kalamu? Fundo limeteleza. Imechubuka, basi ni mwamba. Zangu zilikuwa za aina mbili za kwanza.

Kwa meno, sasa naweka waya wa chuma wa sentimita 30. Hapa ndipo wengi hukosea: ukishapitisha waya kwenye tundu la ndoana na kuukunja kuwa kitanzi, sokotanisha pande zote mbili za waya kwa pamoja mizunguko 4, ndipo uuzungushe mkia (ncha fupi ya waya) kwa kubana mara 4 au 5. Ukizungusha mkia peke yake tangu mwanzo, kitanzi huchomoka samaki akivuta. Tena mkia usikatwe kwa koleo. Upinde huku na huku uvunjike, usibaki mwiba wa kuchana vidole.

Kwa kuteleza, fundo la nailoni: mizunguko 5, na lazima ulilowanishe kwa mate kabla ya kukaza. Likikazwa kavu, msuguano huiunguza nailoni ikadhoofika papo hapo.

Chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) sikubadilisha, ila bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huhitaji nzito kuliko maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo.