Samaki wametoka wapi kwenye dimbwi lililokauka?

Chotandoo: Wakuu, nyuma ya shamba letu pwani huku kuna dimbwi la mfinyanzi. Kiangazi lilikauka likapasuka, mguu unaingia kwenye ufa. Masika hii, wiki ya nne tu, nimechota ndoo nikakuta visamaki kama kidole kidogo: wengine mkia mwekundu unawaka, wengine rangi ya majivu. Mto uko mbali. Babu anasema wameshuka na mvua.

Mzeewatope: Babu mpe shikamoo yake, ila mvua haishushi samaki. Hao watakuwa Nothobranchius (kwa kifupi N.), kundi la visamaki wa madimbwi ya msimu. Hutaga kwenye tope. Maji yakiisha wakubwa wote hufa, mayai hubaki, kiinitete kimesitisha ukuaji. Wenye rangi ni madume. Hata Unguja wapo, aina ya N. guentheri.

Kina2: Na hayaanguliwi yote kwa mvua moja. Ikikatika mapema, si ukoo ungekwisha? Aina nyingine, N. furzeri wa Msumbiji na Zimbabwe, hukomaa ndani ya wiki mbili tatu. Usiwapeleke mtoni, wataliwa.

Chotandoo: Nimewarudisha. Dume lilikuwa linambana jike chini kwenye tope, nikadhani ugomvi. Kumbe wanataga!