Programu ya mbio inaniweka kwenye kanda za kasi nisizozikimbia, naomba ushauri

Mama wa Upanga:
Wakuu, heshima kwenu. Ninajiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro, na ratiba inanitaka nikimbie mara tatu kwa wiki katika kanda ya pili, yaani mwendo mwepesi wa kuweza kuzungumza, ambayo programu ya simu imeiweka kati ya dakika 7:20 na 8:00 kwa kilomita. Jumanne nilitoka Upanga, nikapita katikati ya maghorofa ya Posta, kisha nikarudi kwa njia ya baharini, huku nikipiga soga na mwenzangu mwendo mzima. Nilipofika nyumbani programu ikaniambia kwamba theluthi ya muda nilikuwa kanda ya nne, ile ya mwendo mkali, na kwamba pale Posta nilikimbia kwa dakika 3:40 kwa kilomita, kasi ambayo sijawahi kuifikia hata nilipofukuzwa na mbwa. Je, nibadilishe programu, ninunue saa ya kupimia mbio, au kosa ni langu?

Mpima Njia:
Dada, fungua ramani ya mbio hizo, uikuze pale Posta. Ukiona mstari unakatiza juu ya mapaa, jibu unalo: mawimbi ya setelaiti hugonga kuta za maghorofa kabla ya kufika kwenye simu, nayo simu hudhani umeruka kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine, ikaihesabu miruko hiyo kuwa ni mbio. Hata penye uwazi, kasi ya papo kwa papo si ya kutegemea. Ukienda kwa dakika 7:30 kwa kilomita, ndani ya sekunde 10 unasogea kama mita 22. Simu ikikosea mita 3 tu, itasoma karibu 6:37 au 8:40, na kwa vyovyote umeshatolewa nje ya kanda yako bila kubadili hatua. Kosa hilohilo likigawanywa kwenye kilomita nzima halizidi sekunde mbili. Kwa hiyo angalia wastani wa kila kilomita, na ule mchoro wa rangi wa kanda uuache.

Betri Kwanza:
Zima pia hali ya kuokoa betri, kwa sababu huizuia programu kupokea GPS mara kwa mara skrini ikiwa imezimwa. Halafu simama mahali peupe dakika moja kabla ya kuanza.

Kocha wa Jioni:
Hayo ni kweli, lakini hakuna aliyeuliza swali ninaloliona kubwa zaidi: kanda zenyewe zilipatikana wapi? Ikiwa zilikadiriwa kutokana na mbio za zamani, hata saa ya bei mbaya itakupima kwa usahihi dhidi ya kipimo kibovu.

Mama wa Upanga:
Kocha, umenishika. Nimeangalia sasa hivi: zimetokana na kilomita 5 nilizokimbia mwaka jana kwa dakika 33 na ushei, miezi michache baada ya kujifungua. Na mstari wa Posta umepita ndani ya benki.

Kocha wa Jioni:
Basi tafuta uwanja wenye njia ya mita 400, ukimbie mizunguko 12 na nusu katika njia ya kwanza ya ndani, kwani za nje ni ndefu zaidi. Jipime kwa saa ya kusimamisha, kisha ingiza muda huo kwa mkono.

Mama wa Upanga:
Nimerudi na majibu. Jumamosi alfajiri nimemaliza kwa dakika 30 na sekunde 10, ilhali simu mfukoni ilidai nimekimbia kilomita 5.2. Nimeingiza muda wa uwanjani, na kanda ya pili imesogea hadi mahali ninapoweza kuzungumza bila shida, kama nilivyokuwa nikifanya siku zote. Saa sinunui kwa sasa. Swali lililobaki ni la Moshi, mbio zenyewe zitakakofanyika, kwa kuwa njia inapanda kuelekea Mweka.

Mpima Njia:
Kwenye mlima ule kanda za kasi hazitakufaa, dada, hata simu ikiwa sahihi, maana juhudi ileile hutoa kasi ndogo zaidi. Panda kwa kusikiliza pumzi: ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Na mazoezi ya vilima yaandike kwa dakika, wala si kwa kilomita.