Msaada: mbegu za beberu zinaogelea vizuri, rangi inasema zaidi ya nusu zimekufa

Mkwaju77
Wakuu habari za jioni. Nipo mafunzo kwa vitendo maabara ya uzazi wa mifugo. Shahawa za beberu wetu mmoja nikiziangalia kwa hadubini mara tu baada ya kuvuna, zinazokwenda mbele zinafika asilimia 80. Nikipaka eosini-nigrosini, ile rangi ya kutenganisha mbegu hai na mfu, zilizo hai zinakuwa asilimia 45. Rangi inakaa kwenye friji, slaidi zipo mezani, nikishapaka naacha ikauke yenyewe. Nifuate lipi? Mwenye beberu anataka kumpeleka machinjioni kwa namba hii, na ni dume zuri kweli.

DaktariMalisho
Mkuu, asichinjwe kwanza. Mbegu inayoogelea ipo hai, kwa hiyo zilizo hai haziwezi kuwa chache kuliko zinazoogelea. Jicho nalo huzidisha zinazoogelea, lakini si kwa pengo kubwa hivyo. Hizo zinafia mikononi mwenu.

Eosini haipenyi utando wa mbegu usio na dosari. Inaingia pale utando ulipoharibika, kichwa kinageuka waridi. Zilizo hai zinabaki nyeupe kwenye weusi wa nigrosini. Shahawa za moto zikikutana na rangi ya friji, utando unaharibika hapohapo. Pasha rangi, slaidi na pipeti mpaka nyuzi 37 kabla hujavuna. Changanya tone moja la shahawa na tone moja la rangi, vuta kwa slaidi ya pili kama unavyovuta damu ya malaria, kausha upesi kwa hewa ya uvuguvugu. Ikikauka taratibu, hata zilizokuwa hai zinashika rangi.

BintiKabete
Uliza pia rangi imetengenezwa kwa nini. Ikiwa ni maji matupu bila sitreti ya sodiamu (chumvi), mbegu zinanywa maji na kuvimba, mikia inajikunja. Hesabu 200 kwa lenzi ya mafuta. Kichwa kilichoshika waridi hata nusu, hiyo ni mfu.

Mkwaju77
Mikia iliyojikunja ipo mingi mno, dada! Na zilizogandishwa je?

DaktariMalisho
Basi tengenezeni rangi mpya. Zilizogandishwa zina gliseroli, kinga yao wakati wa kugandishwa, na hiyo inazuia slaidi kukauka vizuri, kwa hiyo usiamini sana eosini hapo. Mkipata hadubini ya fluoresensi, tumieni rangi mbili zinazong'aa, SYBR-14 pamoja na iodidi ya propidiamu: hai kijani, mfu nyekundu.

Mkwaju77
Shukrani wakuu. Mwenye beberu amekubali kusubiri, tutavuna tena kwa rangi mpya.

BintiKabete
Gawa shahawa za mvuno huohuo, nusu kwa rangi ya zamani, nusu kwa mpya, umwoneshe slaidi zote mbili.