Pasta kumupatia kandida mikro katikati ya ibada, iko sawa?

Mutoto wa Katuba:
Jambo bandugu, musinirukie, minauliza tu. Tangu kampanye ya 2023 hii mambo haijanitoka mu kichwa. Kwetu huku Katuba, mu Lubumbashi, kandida mumoja wa depite (mbunge) alifika jumapili na mabati na mifuko ya simenti, pasta akamuita mbele, akamuwekea mikono, kisha akamupatia mikro, palepale mbele ya sadaka. Tukirudi nyumbani mama ananiambia "Mungu amekwisha kuchagua, sisi tunaenda paka kutia kidole". Na Katiba ya Kongo ya 2006 kifungu cha 1 kinasema serikali haina dini. Iko sawa kweli?

Yaya wa Ruashi:
Mudogo wangu, kuombewa haina shida, kila mutu anaombewa. Shida ni ile mikro. Huku kwetu pasta alikatala, alisema kandida aikale ku benchi sawa batu bote, akitaka kusema angojee batu inje. Hakurudia hata siku moja 😂

Papa Korali:
Lakini musitupe kanisa yote. Tarehe 16/2/1992 bakristo batembea Kinshasa kudai konferansi ya taifa, ule mukutano mukubwa wa kupanga demokrasia, ifunguliwe tena, bakapigwa risasi. Na mwenye kuongoza ile konferansi alikuwa askofu, Monsengwo. 31/12/2016 tena, mandat ya raisi Kabila imekwisha, inchi iko karibu kuwaka, nani alikalisha bote mezani? CENCO, ni kusema maaskofu bakatoliki ba Kongo. 2018 bakatuma bangalizi ba uchaguzi karibu 40 000. Chama gani ingeweza?

Kijana wa Kenya (komini, si inchi 😅):
Papa, ninakuheshimu, lakini 2018 maaskofu bakasema beko najua mushindi, hesabu ya CENI (tume ya uchaguzi) hailingani na yao, halafu? Jina hawakutaja mbele ya batu. Na mukubwa wa CENI anachaguliwa na nani? Dini nane. 2021 sita zikamutaka Kadima, bakatoliki na baprotestanti ba ECC bakakatala, ikapita vilevile. Ngoy Mulunda wa 2011 alikuwa pasta, Malu-Malu wa 2006 padri. Mwenye kuchagua refa njo tena anaombea timu, sasa tukiibiwa tunalilia kwa nani?

Yaya wa Ruashi:
Ile ya refa umenimaliza 🙌

Mutoto wa Katuba:
Aksanti bayaya. Jana nilimuuliza mama kama ule depite alirudiaka kanisani. Eti hapana, lakini mabati iko palepale, mvua hainyeshee tena korali. Nikakosa jibu.