Naomba ushauri: flashi ya kupiga picha za skate Kitintale

Wadau habari zenu, mi nipo Kampala, napiga picha vijana wa skate (ubao wa magurudumu) pale Kitintale na wale jamaa wanaruka kweli kweli. Shida ni mwanga, wanachangamka jioni jua likishapoa, kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, nikipandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 6400 picha inajaa chenga, nikishusha kasi ya shata chini ya 1/500 ya sekunde miguu na ubao vinakuwa ukungu tu. Kamera yangu ikitumika na flashi, mwisho wa shata ni 1/200, nikizidisha utepe mweusi unakata picha. HSS (flashi kuwaka mfululizo ili utumie shata ya kasi zaidi) naijua ila inakula nguvu ya flashi vibaya sana, so nawaza niweke flashi pembeni ya rampu kwa 1/16 ya nguvu yake, maana mmweko unakuwa mfupi na ndo unaomgandisha mtu hewani.

Sasa ninunue flashi mbili za Godox TT600 za betri za AA, ama nijikusanye nichukue Godox AD200 moja, yenye nguvu zaidi, ya betri ya lithiamu?

Na mwanga hauwapofushi wakiwa hewani? Hilo linanisumbua kuliko hela, sitaki mtoto avunjike mkono sababu ya picha yangu. Aliyewahi kupiga michezo ya hivi anisaidie tafadhali.