Dodoso la imani kwa mahakama: kulinganisha makabila hapa Dar

Mtafiti_Mabibo: Wakuu, nina dodoso la watu 400, Temeke na Kinondoni. Vifungu sita vya imani kwa mahakama, kipimo cha 1 hadi 5. Msimamizi anataka nilinganishe makabila. Sampuli inatosha? Na kabila niliulizeje bila kukera?

Kokotoo: Haitoshi. Nchi ina makabila zaidi ya 120, na Dar kuna kila mtu. Ukihesabu asilimia ya wanaokubali, kundi la watu 25 lina ukingo wa makosa (kiasi jibu linavyoweza kukosea kwa bahati tu) wa pointi 20 za asilimia juu na chini. La watu 100, pointi 10. Ukilinganisha makundi mawili ya mia mia, tofauti iliyo chini ya pointi 14 usiisemee. Hiyo ni iwapo umechagua mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Ukihoji kumi kumi kwenye mtaa mmoja, mia yako inaweza kuwa na uzito wa watu kama 70 tu, maana majirani hufanana. Ongeza sampuli kidogo, uchukue makundi matatu tu, kila moja 150. Uwiano wa makabila usiutafute kwenye sensa: kabila liliulizwa mara ya mwisho 1967.

Mama Dodoso: Mimi naona tatizo liko kwenye neno "mahakama" kuliko kwenye idadi. Mmoja anawaza mahakama ya mwanzo alikodai talaka, mwingine baraza la kata, mwingine polisi aliyemnyima dhamana. Kila chombo kiwe na swali lake, na uulize kama amewahi kufika huko. Kifungu kimoja kigeuze: "Mwenye fedha hushinda kesi hata kama hana haki." Anayekubali sana hicho, na akakubali sana pia "mahakama hutenda haki kwa wote", huyo anaitikia tu. Mjumbe akikusindikiza, aage mlangoni. Akikaa utavuna "nakubali" tupu.

Kabila liulize mwisho kabisa, kwa swali la wazi. Ruhusu mawili (baba Mzaramo, mama Mhaya, wako tele) na "sitaki kutaja".

Kokotoo: Kabla ya kulinganisha wastani, pima kwanza kama vifungu vinafanya kazi sawa kwa kila kundi: muundo (vifungu vinashikamana vilevile), uzito (kila kifungu kinabeba imani kwa kiasi kilekile), kisha kianzio (wenye imani sawa wanatoa alama sawa). Kianzio kikitofautiana, wastani haulinganishiki. Halafu weka elimu, kipato na kata kwenye modeli ya takwimu, la sivyo utaita umaskini "kabila".

Mtafiti_Mabibo: Asante mama, asante mkuu. Baraza la ardhi la wilaya nilitenge?

Mama Dodoso: Litenge, na usilichanganye na la kata. Tangu 2021 la kata husuluhisha tu migogoro ya ardhi, haliamui.