Maumivu ya mwili yaingie kwenye vipimo vya maendeleo?

Kalamu Butu: Wakuu, kila bajeti tunaambiwa uchumi umekua. Kwangu swali lingekuwa moja: jana ulishinda unaumwa? Gallup, shirika la kura za maoni, huuliza hivyo nchi nyingi. Marekani ina hela, lakini mwaka 2015 wachumi Case na Deaton walionyesha vifo vya Wazungu wa makamo vinapanda, na malalamiko ya maumivu pia. Hela ipo, migongo inauma.

Mzee wa Kijiweni: Wale wamedekezwa, mkuu. Kidole kikiguswa, kidonge. Mke wangu kazaa mara nne, hajawahi kupiga kelele.

Mama Pacha: Umejuaje? Uliingia leba?

Mzee wa Kijiweni: Nilikuwa nje, dada. Nesi ndiye aliyemsifia.

Mama Pacha: Nje, kwenye benchi. Uzazi wangu wa kwanza na mimi nilisifiwa. Mama mkwe alikuwa mlangoni, nesi ananiambia nisiwatie aibu. Niling'ata kanga mpaka ikatoboka. Hiyo kanga mtaihesabu kwenye takwimu ipi?

Kalamu Butu: Turudi kwenye mada jamani.

Mama Pacha: Hii ndiyo mada.

Nesi Mstaafu: Shikamooni wakubwa. Nimekaa wodi ya saratani miaka mingi. Mgonjwa anayelia huitwa msumbufu, anayenyamaza anaandikwa "anaendelea vizuri". Kwa hiyo kuuliza watu tu hakutoshi. Waganda wametuzidi akili: Dk. Anne Merriman alianzisha hospisi, huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiopona, Kampala mwaka 1993, wakawa wanatoa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, mgonjwa anakunywa kwake nyumbani. Hata wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Nchi ipimwe kwa hapo: anayeumwa anapewa nini?

Chumvi Nyingi: Morfini? Si ndiyo hiyo imewamaliza Wamarekani?

Nesi Mstaafu: Kwao ulianza uroho wa biashara, mwanangu. OxyContin, kidonge cha maumivu cha jamii ya morfini, ilitoka 1996 ikanadiwa kama pipi, hata kwa mtu wa mgongo tu. Mimi nasema mgonjwa wa saratani anayepewa panado.

Chumvi Nyingi: Panado ya hospitali siku hizi unainunua mwenyewe 😂

Kalamu Butu: Basi bima, bajeti, twende huko...

Mzee wa Kijiweni: Mama Pacha, nimemuuliza mama watoto sasa hivi, yuko jikoni. Kanitazama, kaniuliza, "Leo ndiyo umekumbuka?"